Vita vya Pili vya Amani

Mwezi wangu wa tatu Moscow nilinyoosha mkono darasani nikauliza swali ambalo wenzangu walinitania nalo mpaka tunahitimu. Tulikuwa tunasoma kifungu kuhusu mwaka 1941, na ndani yake maneno matatu yalikuwa yanajirudia: vtoraya mirovaya voyna. Vtoraya nilikuwa naijua, ni ya pili. Voyna ni vita. Na mir nilifundishwa wiki ya kwanza kabisa, kabla hata sijajua kuomba chumvi: mir ni amani. Basi nikauliza, kwa Kirusi changu cha kuchechemea lakini kwa uzito wote wa mtu aliyetumwa elimu: hivi nyinyi Warusi, vita vilivyowaua mamilioni ya watu wenu, mnawezaje kuviita Vita vya Pili vya Amani?

Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo. Kwa adabu ya kule mwalimu haitwi "mwalimu" hivi hivi. Unamwita kwa jina lake likifuatiwa na la baba yake, na ukisahau la baba unatazamwa kama umeingia na viatu vya matope. Alivua miwani. Hakucheka, wenzangu walicheka kwa niaba yake. Akachukua chaki akaandika maneno mawili, moja chini ya jingine:

миръ
міръ

"Ungekuja kusoma hapa kabla ya mwaka 1918," akasema, "usingeniuliza."

Yaangalie tena. Ile ъ ya mwisho isikushughulishe, haikuwa na sauti, ilikuwa mkia tu wa tahajia ya zamani. Tofauti iko katikati. La kwanza lina и, la pili lina і, kijiti chenye nukta kichwani. Matamshi ni yale yale, mir na mir, na hakuna sikio la Mrusi linaloweza kuyatenganisha. Ila jicho liliweza: la juu ni amani, la chini, lenye nukta, ni dunia, ulimwengu, watu wote kwa jumla. Leo yote mawili yanaandikwa мир, na mgeni ajipange mwenyewe.

Vita nilivyoviulizia vilitoka kwenye lile lenye nukta. Mwalimu akanipa na kamba ya kushikia: ukiona mirny, jua ni cha amani, ukiona mirovoy, jua ni cha dunia. Nikaandika kwenye daftari nikapiga mstari mara mbili. Wiki iliyofuata nikakutana na mirovoy sudya, ambaye kwa kamba yangu alipaswa kuwa hakimu wa dunia nzima. Kumbe ni hakimu wa kesi ndogondogo, ugomvi wa majirani, deni lisilolipwa. Cheo kililetwa na mageuzi ya mahakama ya mwaka 1864, baadaye kikafutwa, kikafufuliwa kwa sheria ya mwaka 1998, na huyo mirovoy wake ni wa amani, si wa dunia, kwa sababu kazi yake ya kwanza ilikuwa kupatanisha. Ule mstari nilioupiga mara mbili ulianza kunicheka.

Na kama hiyo haitoshi, kulikuwa na wa tatu. Mafuta matakatifu ambayo Kanisa la Kiorthodoksi humpaka aliyebatizwa yanaitwa miro, neno la Kigiriki, na zamani liliandikwa kwa herufi nyingine tena, ѵ, ambayo ilikuwa imebaki na kazi chache sana kiasi kwamba ilikaa mwishoni kabisa mwa alfabeti. Kutoka hapo upo msemo odnim mirom mazany, wamepakwa mafuta ya aina moja. Ulianzia kanisani, lakini leo ukiwaambia watu hivyo hujawasifu: umesema lao moja, na hilo lao ni baya. Mrusi wa leo anayeusoma bila kufikiri huona humo mir ya kawaida, akashindwa kuelewa mtu anapakwaje dunia, au amani.

Hizo i mbili Warusi walizirithi kutoka kwenye alfabeti ya Kigiriki, na kwa vile herufi zilitumika pia kama tarakimu, moja iliitwa i ya nane na yenye nukta i ya kumi. Kanuni yake ilikuwa rahisi. Ukiwa kabla ya irabu, weka yenye nukta. Ukiwa kabla ya konsonanti, weka ya kawaida, isipokuwa katika neno moja tu la Kirusi na watoto wake: міръ, dunia. Kanuni nzima ya tahajia, na neno moja limekatiwa kibali chake peke yake.

Nilidhani hapo ndipo hadithi inapoishia, maneno mawili yaliyofanana sauti kwa bahati, kama kaa la moto na kaa wa pwani, ambao hawajawahi kujuana. Nikamwambia mwalimu hivyo, nikijivuna kidogo kwamba na mimi lugha yangu ina vitu vya namna hiyo. Akatikisa kichwa. Kipindi kilichofuata alikuja na buku zito, juzuu ya pili ya kamusi ya Vladimir Dal, chapa mpya ya ile iliyotoka kati ya mwaka 1863 na 1866, herufi za zamani zimebaki vilevile. Akanionyesha kwa kidole: huku kuna миръ, kule kuna міръ, kila moja na nyumba yake. Halafu akafunga buku. Akasema, "Hizi ni nyumba mbili za mtu mmoja."

Katika maandishi ya kale ya Kislavoni, lugha ya zamani ya kanisa lao, hakuna mipaka hiyo. Ni neno moja, limeandikwa hivi au vile kwa kadiri mwandishi alivyojisikia, na wasomi wa baadaye ndio waliolipasua kwa nukta ili maana zisigongane kwenye karatasi. Walatvia wana ndugu yake, miers, amani. Wengi huliweka katika ukoo mmoja na neno la Kirusi milyi, mpenzi, mtu anayependeza moyoni. Wengine hulisogeza hadi kwa Mithra wa Waajemi wa kale, mungu wa mapatano. Ukichagua upande wowote, mwanzoni kabisa hakuna dunia wala sayari. Kuna watu wawili waliokubaliana wasidhuriane.

Katika mikataba ya watawala wa Kiev na Wagiriki wa Constantinople, kama ule wa mwaka 911 wa wakati wa Oleg, mir ni hicho hasa: kitu kinachofanywa, kinachoapiwa, kinachoweza kuvunjwa. Matumizi hayo hayajafa. Mkataba ambao serikali ya Lenin ilitia saini na Wajerumani Machi 1918 Warusi wanauita Brestsky mir, Mir ya Brest, kama vile wa Napoleon na Aleksandr wa Kwanza wa mwaka 1807 ulivyo Mir ya Tilsit. Mir, kwa hiyo, ni patano. Kisha watu waliopatana. Kisha mahali wanapoishi watu waliopatana, yaani kijiji. Kisha watu wote tunaowajua, na kwa mkulima wa karne ya 16 ambaye hajawahi kuvuka msitu, watu wote anaowajua ndio ulimwengu. Kwa Wacheki na Waserbia neno lilibaki kwenye amani, na dunia wakaiita kwa neno ambalo asili yake ni nuru. Hata Warusi hilo la nuru wanalo, svet, na wanalitumia kwa dunia pia, lakini mir hawakuiacha.

Kwenye kijiji ndipo neno linaponishika shati. Wasomi waliita obshchina, jumuiya, neno la vitabuni. Mkulima mwenyewe alisema mir. Mir ndiyo iliyoshika ardhi, si yeye. Shamba la kijiji liligawanywa vipande kwa ubora na umbali, na kila kipande kikachanwa kuwa mistari mirefu, ili kila kaya ipate kidogo cha udongo mzuri, kidogo cha udongo mbovu, kidogo cha karibu na kidogo cha mbali. Haki tupu. Kwa haki hiyohiyo mtu mmoja alijikuta ana mistari kumi, ishirini, hata zaidi, iliyotawanyika pande zote, mingine myembamba kiasi kwamba kugeuza farasi na haro lake ni kumkanyagia jirani. Baada ya miaka kadhaa wakuu wa kaya walikusanyika kwenye mkutano ulioitwa skhod, chini ya mzee waliyemchagua, starosta, wakahesabu watu upya na kugawa upya. Mwenye watoto wa kiume walioongezeka akaongezewa. Aliyefiwa akapunguziwa. Udongo uliourutubisha kwa samadi yako miaka kumi unaweza kuangukia kwa jirani asiyejua hata kunoa fyekeo.

Mwaka 1861 Aleksandr wa Pili aliwaachia huru wakulima waliokuwa mali ya makabaila. Ardhi waliyopewa haikuwa ya bure: serikali iliwalipa makabaila, na wakulima wakatakiwa kuilipa serikali kidogokidogo kwa miaka 49. Na kwa sehemu kubwa ya Urusi, aliyekabidhiwa ardhi pamoja na deni hilo hakuwa Ivan wala Stepan, ilikuwa mir. Kodi ilidaiwa kwa kijiji kizima. Asiyelipa, wenzake wanamlipia. Mfumo huo uliitwa krugovaya poruka, dhamana ya mzunguko, wote kumdhamini kila mmoja, na hadi leo Warusi hutumia maneno hayohayo kwa wakubwa wanaofichiana maovu. Ndiyo maana mir haikumwachia mtu aende zake mjini kirahisi. Alihitaji pasipoti ya kusafiria, na pasipoti ilihitaji ridhaa ya kijiji, maana akipotea yeye deni halipotei naye. Dhamana hiyo ya pamoja ilifutwa mwaka 1903, malipo ya ardhi yakakomeshwa mwaka 1907, na katikati yake, Novemba 1906, waziri mkuu Stolypin akatoa amri ya kumruhusu mkulima atoke kwenye mir na kipande chake.

Watu wa mbali waliipenda sana mir. Mprusi mmoja, August von Haxthausen, alizunguka Urusi mwaka 1843 akaenda kuieleza Ulaya, na tangu hapo kila mtu akaona alichotaka kukiona: huyu udugu wa Kikristo, yule mbegu ya ujamaa iliyoota yenyewe bila kiwanda. Mwaka 1881 mwanamapinduzi Vera Zasulich alimwandikia Karl Marx kumuuliza hasa kuhusu mir hiyo, je, itakufa au inaweza kuwa njia? Mzee aliandika rasimu ndefu, akaiacha, akaandika nyingine, na nyingine, mwishowe akatuma barua fupi. Nampenda kwa hilo kuliko kwa mengi mengine. Ila katika hao wote waliobishana, sijaona aliyewahi kumlipia jirani kodi.

Waliolipa walitunga methali. Ile iliyo maarufu zaidi ni S miru po nitke, golomu rubakha: kila mmoja wa mir akitoa uzi mmoja, aliye uchi anapata shati. Nyingine ni Na miru i smert krasna, na ilipotua masikioni mwangu sikuhitaji mwalimu wala kamusi. Mbele ya watu, hata kifo kinapendeza. Kifo cha wengi harusi! Nilipiga meza. (Krasna hapo si nyekundu. Zamani krasny lilikuwa zuri, la kupendeza. Ule uwanja wa Moscow tunaouita Mwekundu ulikuwa na jina hilo kabla bendera nyekundu haijaonekana pale.) Na mir hiyohiyo ikazaa tusi: miroyed, mla-mir, mkulima tajiri anayewakopesha wenzake nafaka wakati wa njaa na kuvuna migongo yao wakati wa mavuno. Katika neno hilo huwezi kuweka amani wala sayari. Ni watu wanaoliwa.

Swali ambalo kila Mrusi huniuliza akijua natafsiri ni la kitabu cha Tolstoy, riwaya kubwa ya vita vya Napoleon iliyotoka kamili mwaka 1869. Utasikia: unajua kwamba kwa kweli si "Vita na Amani", ni "Vita na Ulimwengu", sema tahajia mpya imeficha? Wanasema kwa furaha ya mtu anayekugawia siri. Siri hiyo ni ya uongo. Kilichapishwa Война и миръ, bila nukta, amani. Mwaka 1861 Tolstoy alikuwa amekutana Brussels na Mfaransa Proudhon, ambaye mwaka huohuo alitoa kitabu chenye jina lilelile kwa Kifaransa, na Kifaransa hakina utata wowote hapo. Uvumi una mbegu yake: katika chapa moja ya mwaka 1913, ukurasa wa kwanza wa juzuu ya kwanza, mpiga chapa aliteleza akaweka nukta. Mahali pamoja tu. Miaka sabini baadaye kipindi cha maswali cha televisheni kinachopendwa na nchi nzima kikaitangaza nukta hiyo kama ukweli, na basi, nani atawatoa watu hapo?

Mwenye nukta ya kweli ni mshairi Vladimir Mayakovsky. Katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia aliandika utenzi akauita Война и міръ, Vita na Ulimwengu, makusudi, akimchokoza mzee Tolstoy kwa herufi moja. Muda si mrefu baada ya kutoka kama kitabu, herufi ikafutwa. Ukivichukua leo dukani, kitabu cha Tolstoy na cha Mayakovsky vina jina moja herufi kwa herufi, na utani wote umeishia kwenye tanbihi.

Ila Tolstoy mwenyewe, ukimsoma taratibu, hakuliacha neno likae upande mmoja. Kuna mahali Natasha, msichana wa riwaya hiyo, anasimama kanisani, mwaka 1812, Napoleon ameshavuka mpaka, na shemasi anatangaza Mirom Gospodu pomolimsya. Kwa Kislavoni cha kanisa maana yake ni "kwa amani tumwombe Bwana". Natasha anasikia kingine: kwa mir, sote pamoja, bila tabaka wala uadui, kama kijiji kimoja. Amekosea sarufi. Lakini kama mwalimu wangu alisema kweli kuhusu nyumba mbili za mtu mmoja, basi binti huyo wa kabaila alisikia kile ambacho neno lilikuwa linasema kabla wasomi hawajalitia nukta.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Serikali mpya ya Lenin na Wabolsheviki wake ilipoingia madarakani tangazo lake la kwanza kabisa lilikuwa Amri ya Mir, ya amani, Novemba 8, 1917 kwa kalenda ya sasa. Kabla miezi miwili haijatimia ikaja amri ya tahajia, na nukta ikaondoka. Wataalamu walikuwa wameyapendekeza mageuzi hayo tangu enzi ya mfalme, kwa hiyo si Wabolsheviki walioyabuni, ila ndio waliopata nguvu ya kuyalazimisha. Simlaumu mtu. Nimewahi kujaribu kujifunza kanuni za ile tahajia ya zamani, na mtoto yeyote aliyeepushwa nayo ana bahati.

Tangu hapo neno limetumika kwa raha ya utata wake. Kaulimbiu iliyopigwa kila ukuta enzi za Kisovieti ni Миру мир. Ya kwanza imebadili mkia, iko katika umbo la mpokeaji: kwa dunia. Ya pili ni amani. Neno moja linasimama upande huu na mkono umenyooshwa, na lenyewe tena upande wa pili linajipa. Njiani kwenda chuoni nilikuwa naipita kila siku kwenye ukuta wa ubavuni wa jengo la ghorofa tano, imejengwa kwa matofali meupe ndani ya matofali mekundu, si rangi, kwa hiyo hakuna mvua wala serikali iliyoweza kuifuta. Nimejaribu mara nyingi kuitia katika Kiswahili. "Amani kwa dunia" ni sahihi na imekufa. Tulicho nacho cha karibu ni walimwengu, maana hapo na sisi dunia inageuka kuwa watu, watu wenye midomo na maneno yao. Lakini ulimwengu wetu haukuwahi kuwa mapatano, na pengine ndiyo sababu walimwengu wetu ni wa kuogopwa.

Kituo changu cha metro kilikuwa Prospekt Mira. Mira hapo ni "ya mir", na umbo hilo halikuambii ni barabara ya amani au ya dunia. Jibu liko katika mwaka: barabara ilipewa jina mwaka 1957, Moscow ilipopokea tamasha la kimataifa la vijana na wanafunzi chini ya wito wa amani na urafiki. Ni amani, basi. Kituo chenyewe kilifunguliwa mwaka 1952 kwa jina la Bustani ya Mimea, kikabadilishwa mwaka 1966, na nguzo zake bado zina nakshi za watu wa mashambani na mazao yao, zikisubiri bustani iliyoondoka kwenye jina. Lakini chempionat mira, kombe la mpira la mwaka 2018, ni la dunia. Kadi za benki za Mir, zilizoanza kutolewa mwaka 2015 baada ya vikwazo vya mwaka uliotangulia, hakuna aliyenieleza zina nukta au hazina. Na kituo cha anga cha Mir, kilichorushwa Februari 20, 1986 na kuangushwa baharini Machi 23, 2001, kimetafsiriwa Amani na kimetafsiriwa Dunia, na hakuna aliyekosea. Sergei Krikalev alipaa kwenda humo Mei 1991 akiwa raia wa Umoja wa Kisovieti, akashuka Machi 1992 nchi iliyomtuma haipo. Umoja ulikufa, Mir ikawa inazunguka.

Hata jina Vladimir wanalisoma hivyo, mtawala wa mir, wa dunia. Ukifukua, kipande cha pili hakikuwa mir kabisa. Kilikuwa mer, chenye maana ya ukuu na sifa, kile kile kilichomo katika Waldemar wa Wajerumani. Watu walikisikia kama mir kwa sababu ndicho walichotaka kusikia.

Chumbani bwenini niliishi na kijana kutoka Mirny, mji wa almasi huko Yakutia. Mrefu, mpole, na alikuwa na mazoea ya kutumia kikaango changu bila kukiosha. Yeye ndiye aliyenipa hadithi ya jina la kwao. Juni 1955 kikundi cha wanajiolojia, akiwemo Yuri Khabardin na Yekaterina Yelagina, walikuta kule porini shina la mwamba wa almasi lililopanda kutoka chini kabisa ya ardhi. Almasi ilikuwa siri ya serikali, kwa hiyo habari ilipelekwa kwa redio kwa mafumbo: "Tumewasha kiko cha mir, tumbaku safi sana." Kwa Kirusi trubka ni bomba, na ni kiko cha tumbaku, na mwamba wa namna ile pia huitwa trubka. Shina likaitwa Mir, mji ulioota pembeni yake ukaitwa Mirny, na shimo lililochimbwa lilifika kina cha zaidi ya mita 500 na upana wa zaidi ya kilomita moja. "Amani yetu ni hilo shimo," alikuwa anasema.

Februari moja, baridi ya kugandisha kope, nilirudi nikakuta kikaango kina mafuta ya juzi yaliyoganda meupe. Nikasema maneno. Akajibu maneno. Siku nne hatukusemeshana, kila mtu anachemsha chai yake. Siku ya tano akabisha hodi kwenye chumba chake mwenyewe, akaingia na chupa ya maji ya matunda na mfuko wa biskuti, akatamka neno moja: mirovaya. Kamba yangu ya darasani ilinijia kichwani, ya dunia, halafu nikamkumbuka yule hakimu wa kesi ndogondogo. Mirovaya ikisimama peke yake ni suluhu, kinywaji cha kumaliza ugomvi.

Akanyoosha kidole chake kidogo cha mwisho. Sikuelewa. Akanionyesha: na wewe toa chako, kunja, shika. Kisha jitu hilo la karibu mita mbili likaanza kutikisa mikono yetu juu na chini na kuimba kishairi ambacho kila mtoto wa Kirusi anakijua, miris, miris, miris, i bolshe ne deris, patana, patana, patana, na usipigane tena. Nikadhani kimeisha nikataka kuachia. Akanikaza kidole. Kuna ubeti wa pili, akasema: a yesli budesh dratsya, ya budu kusatsya, na ukipigana, mimi nitauma.

Kikaango tulikigawa kwa wiki, wiki yangu na wiki yake. Ilipofika zamu yake alikiosha vizuri sana. Kilichobaki chafu ni sufuria.